Kipimo cha Toroli

Toroli lilipanda.

Lilikuwa limebeba mifuko miwili ya saruji, na aliyelisukuma alikuwa Winchi, kibarua aliyepewa jina hilo kwa sababu alinyanyua chochote alichokikuta mbele yake bila kuuliza. Aliinama, akashika mikono ya toroli, akasema "haya, twende nyumbani," na hatua tano baadaye alikuwa ameumaliza mteremko, yuko juu ya kibaraza cha ukumbi mpya wa mafundi. Akageuka, akacheka. Hakuwa ametoka hata jasho.

"Mmeona wenyewe," alisema fundi mwashi aliyeitwa Timazi. "Kilo mia hizo. Kama toroli linapanda na kilo mia, kiti kitashindwaje?"

Hakuna aliyembishia. Timazi alikuwa na miaka ishirini na mbili kwenye kazi ya uashi, na jina lake alilipata kwa kuta zake, ambazo zilisimama kama zimening'inizwa kwa uzi. Njia zote za mteremko alizowahi kutengeneza zilikuwa za jengoni, za mbao, za kupandishia zege na matofali, na zote alizipima kwa namna moja: jaza toroli, lisukume, likifika juu mambo yamekwisha. Huu ulikuwa mteremko wake wa kwanza wa kupita watu, na aliupenda kuliko kazi nyingine yoyote ya jengo lile. Aliusugua niru ya saruji siku mbili mpaka ukawa laini kama sahani. Kila mtu pale alijua sababu. Katika orodha ya mafundi waliopewa nafasi ndani ya ukumbi, mtu wa kumi na saba alikuwa mkewe.

Mkewe alifika alasiri ile ile. Alikuja anajisukuma mwenyewe kwenye kiti chake cha magurudumu, mikononi amevaa glovu za ngozi zilizokatwa vidole, na nyuma yake mama mkwe wake anamfuata polepole kwa magoti yake mabovu. Watu walimwita Mama Pindo. Alikuwa fundi cherehani, na nguo akishaipinda yeye unaweza kuitafuta mishono yake mchana kutwa usiione.

"Fundi!" Timazi alimwita kutoka juu. Nyumba yao ilikuwa ya mafundi wawili, na hivyo ndivyo walivyoitana, siku nyingine kwa mapenzi, siku nyingine kwa kejeli. "Fundi, njoo uone barabara yako."

Mama Pindo alisimamisha kiti chini ya mteremko, akauangalia. Kutoka pale chini aliona kitu kama ukuta uliochoka ukaegemea.

"Unang'aa," alisema.

"Si unang'aa? Haya, panda."

Alirudi nyuma kidogo ili apate nguvu ya kuanzia, akasukuma. Magurudumu madogo ya mbele yalipanda. Makubwa yakapanda nusu mita, kisha yakaanza kuteleza juu ya ile niru, na kiti kikaanza kurudi. Aliyakamata magurudumu kwa mikono yote miwili. Glovu zililia. Alikuwa anatafuta namna ya kushuka kwa heshima yake pale ardhi ilipomwacha: Winchi alikuwa amekikumbatia kiti na mtu ndani yake, amepanda nacho, amekitua juu ya kibaraza.

"Shemeji amefika!" Winchi alipiga kelele, na vibarua wakapiga makofi.

Gauni la Mama Pindo lilikuwa limepanda juu ya magoti. Alilishusha kwanza. Akaweka sawa mguu mmoja uliokuwa umetoka mahali pake. Ndipo akasema, "Nani alikwambia uninyanyue?"

"Shemeji, ulikuwa unarudi nyuma."

"Nilikuomba?"

Winchi akamwangalia Timazi.

"Usimwangalie yeye. Ninayekuuliza ni mimi."

Makofi yalikuwa yamekwisha. Kila mtu alikumbuka kazi aliyokuwa nayo mkononi. Mama Pindo alikaa juu ya kile kibaraza, anautazama ule mteremko kutoka upande wa pili, na kutoka huko ulikuwa mbaya zaidi. Alingoja mpaka hasira ipungue, kwa sababu sasa, ili ashuke, ilibidi amwombe mtu yule yule.

"Nishushe," alisema. "Polepole. Na gauni langu ulishike."

* * *

Nyumbani hawakusemeshana mpaka jua lilipoinama. Mama Pindo alikuwa mlangoni, penye mwanga, anashona mashati ya sare. Cherehani yake ilikuwa ya mkono: mkono wa kulia unazungusha gurudumu, wa kushoto unaongoza kitambaa peke yake, na kwenye kola kitambaa kinataka mikono miwili. Shati moja lilimla nusu siku. Chini ya kitanda kulikuwa na mota ndogo na pedali yake, imefungwa kwenye gunia mwaka mzima, inangoja mahali penye umeme. Alishaijaribu kwa jirani. Ukiiweka pedali juu ya meza unaibonyeza kwa kiwiko, na mikono yote inabaki na nguo. Alikuwa ameshona kwa mikono miwili mara moja tu, kama dakika ishirini, na tangu siku hiyo hakuipata tena raha ya ile ya kuzungusha.

"Toroli lilipanda," Timazi alisema mwishoni, kama mtu anayeendelea na mazungumzo. "Watu wote wameona."

"Nani alilisukuma?"

"Winchi."

"Ndani mlikuwa na nini?"

"Fundi, unajua mlikuwa na nini."

"Saruji. Umepima mzigo, mume wangu. Hukupima mtu."

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua uso. "Basi si asukumwe? Nitamsukuma mimi mwenyewe."

"Kwa magoti hayo, mama?"

"Haya haya. Bado hayajafa."

"Mama, asante. Lakini asubuhi nikusubiri wewe, mchana nikitaka kwenda dukani kununua uzi nikusubiri wewe, jioni nikusubiri wewe. Hiyo si kazi tena, huo ni ugonjwa."

"Winchi yupo."

"Winchi jengo likiisha anakwenda jengo lingine. Nimfuate?"

Bibi kizee aliuweka ungo chini. "Mwanangu, nikwambie ukweli. Huyu ameshika mwiko miaka ishirini na mbili hajawahi kuambiwa bomoa. Leo mke wake mwenyewe akisema kazi yake mbovu, kesho nani atampa jengo?"

Hilo ndilo lililokuwa limekaa katikati ya chumba tangu alasiri. Mama Pindo alizungusha cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Sijasema mbovu," alisema. "Nimesema haupandiki."

Ukumbi ulikuwa unafunguliwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kanuni zake zilikuwa zimebandikwa ukutani: kila fundi apokee ufunguo wa kabati lake kwa mkono wake, ndani ya ukumbi, siku ya ufunguzi, na baada ya hapo afanye kazi humo kila siku. Asiyeweza, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Walizitunga hivyo kwa sababu huko nyuma watu walizoea kuchukua nafasi na kuwapangisha wenzao. Haikuwa kanuni ya kumkomoa mtu. Ila nyuma ya Mama Pindo walikuwapo watu tisa wanaosubiri, na baadhi yao walishaanza kumwamkia kwa heshima iliyozidi.

"Kesho alfajiri," alimwambia mumewe, "utakaa kwenye kiti hiki, utapanda ule mteremko wako. Ukifika juu, nanyamaza. Nitasukumwa na yeyote, hutanisikia tena."

Timazi aliangalia mikono yake, akacheka. "Mikono hii? Mimi napanda kwa mmoja."

"Itumie yote. Haikatazwi."

* * *

Alfajiri pale jengoni alikuwapo Winchi tu, ambaye ndiye aliyelala kulinda vifaa. Alikuwa amechuchumaa na kikombe cha chai. Aliona bosi wake na mkewe wanakuja, akaona shemeji anasogeza kiti karibu na rundo la matofali, anaegemea kwa mikono na kujihamishia pale juu mwenyewe, kisha akamwona bosi anakaa kwenye kiti. Chai ilibaki njiani kati ya kikombe na mdomo.

"Usitumie miguu," Mama Pindo alisema.

"Situmii."

"Nauona wa kushoto."

Timazi aliuvuta mguu wa kushoto. Safari ya kwanza alipanda nusu mita akarudi, kama mkewe. Ya pili alichukua mbio kutoka mbali, akaingia kwa nguvu zote, na mabega yale yaliyobeba matofali miaka yote yakamfikisha katikati. Hapo alichoka. Akainua kichwa, akaegemea nyuma ili aone kimebaki kiasi gani, na magurudumu ya mbele yakanyanyuka taratibu, bila haraka yoyote, mpaka akawa anatazama mbingu.

Winchi alitupa kikombe, akakimbia.

"Usimguse!" Mama Pindo alisema. "Muulize kwanza."

Winchi alisimama, mikono imetangulia. "Bosi, nikunyanyue?"

"Unauliza nini, wewe?" Timazi alisema, miguu iko juu. "Ninyanyue!"

Winchi alipomkalisha chini, mkewe alimkagua kwa macho kuanzia kichwani. "Umeumia?"

"Hapana."

"Basi panda tena."

Hakupanda. Alikaa juu ya mteremko, akapitisha kiganja kwenye niru yake, mara moja, mara mbili, kama mtu anayempapasa mnyama aliyemng'ata.

"Siku mbili nimeisugua hii."

"Najua."

"Nilidhani nakufanyia uzuri."

"Najua, fundi."

Winchi alijifanya anatafuta kikombe chake. Kichwani Timazi alikuwa anapitisha miteremko yote aliyoijenga, na kwenye kila mmoja alimwona mtu nyuma ya toroli, amesimama kwa miguu yake. Hakuwahi kumwona aliyekaa ndani.

"Wewe unaweza kupanda wa namna gani?" aliuliza.

"Sijui," Mama Pindo alisema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

* * *

Siku hiyo Timazi hakwenda kazini mpaka saa nne. Alichukua mbao tatu ndefu za jukwaa, mita nne kila moja, akazipigilia pamoja uani kwake, pembeni akaweka vijiti vya kuzuia gurudumu lisitoke. Upande mmoja akauacha chini. Upande wa pili akaweka tofali nne, moja juu ya nyingine, zimelazwa.

Mkewe hakufika hata robo.

Akatoa tofali moja. Mama Pindo alifika juu, lakini alifika amenyamaza, shingo imevimba, na mama mkwe aliyekuwa anaangalia akasema, "Hapana, huyu hapandi, huyu anajifungua."

Akatoa nyingine, zikabaki mbili. Mama Pindo akapanda.

"Subiri," Timazi alisema. "Rudi. Panda tena, na safari hii nihesabie mashati uliyobakiza."

"Ya nini?"

"Wewe hesabu tu."

Alipanda anahesabu: sita ya kola, manne ya mikono mirefu, moja la yule mama mbishi anayetaka mifuko miwili. Alifika juu kabla hajamaliza, na sauti yake ilikuwa ile ile aliyoanza nayo. Timazi alimfanya apande mara tano. Mara ya tano bado alikuwa anamsema yule mama mbishi.

"Hicho ndicho kipimo," Timazi alisema. Akachuchumaa, akachora kwa msumari kwenye udongo. Tofali mbili kwa mita nne. Kibaraza cha ukumbi kilikuwa na kimo cha tofali nne. "Mita nane. Na katikati pa kupumzikia, mita moja na nusu. Tisa na nusu."

"Na uliojenga ni mita ngapi?"

Hakutaka kuisema. Aliinyoosha mikono, akaipunguza kidogo. Mama mkwe aliutazama upana ule, akamtazama mwanawe, akarudi ndani.

* * *

Mbele ya ukumbi hapakuwa na mita tisa na nusu. Kutoka mlangoni kwenda mtaroni zilikuwa tatu tu. Mahali pekee palipotosha ni pembeni, kando ya ukuta, chini ya paa lililotokeza, ambako msimamizi wa ukumbi alikuwa ameshaandikisha kwa rangi nyeupe neno MSIMAMIZI ili gari lake likae kivulini.

Msimamizi mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa makaratasi, na makaratasi yake yote yalikuwa tayari. Alisimama juu ya kibaraza akamsikiliza Timazi mpaka mwisho, kisha akachomoa karatasi moja kwenye faili.

"Soma hapa. Inasema njia ya mteremko iwepo. Sasa geuka uangalie. Ipo?"

"Ipo, mkubwa, ila haipandiki."

"Haijaandikwa ipandike. Imeandikwa iwepo, na mimi nimeshatia sahihi. Mgeni rasmi anakuja wiki ijayo, wewe unataka nimkaribishe kwenye kifusi? Mwambie mkeo tutampa mtu wa kumsaidia siku hiyo."

"Mimi nipo hapa," Mama Pindo alisema kutoka chini.

Msimamizi akamwangalia, akarudi kwa Timazi. "Mwambie asiwe na wasiwasi."

"Mkubwa, samahani," Mama Pindo alisema. "Shingo yangu inauma kuangalia juu. Naomba ushuke."

Alisema kwa adabu kabisa, na kwa sababu ya adabu hiyo msimamizi alijikuta ameshuka ngazi zote nne kabla hajaamua kama anataka. Sasa walikuwa wanatazamana.

"Jumamosi mtaita majina," Mama Pindo alisema. "Mkifika la kumi na saba, mimi nitakuja. Sitaki mtu wa kunisukuma wala wa kuninyanyua. Nitapanda mteremko wako huu mwenyewe, mbele ya mgeni rasmi na mbele ya wapiga picha. Nikifika nusu mita nitarudi nyuma. Nitajaribu tena. Nitarudi tena. Mimi sina haraka, siku hiyo sina kazi nyingine."

"Unanitisha?"

"Nakupa ratiba yangu."

Msimamizi alifunga faili, akalifungua. Winchi, aliyekuwa anakoroga zege lililokwisha kukorogwa, alisogea ili asikie vizuri.

"Saruji sina," msimamizi alisema. "Hata mfuko mmoja wa ziada sina."

"Sijaomba," Timazi alisema. "Kosa ni langu, saruji itakuwa yangu. Naomba sehemu tu."

"Na gari langu nitaliweka wapi?"

"Juani," Mama Pindo alijibu. "Si lina magurudumu? Likichoka litasogea."

Winchi akacheka kwa sauti, akajifanya anakohoa. Msimamizi alitazama yale maandishi meupe ukutani kwa muda mrefu. Fundi wa rangi alikuwa ameyaandika vizuri sana.

"Ijumaa jioni nataka pawe pamefagiliwa," alisema, akapanda ngazi zake.

* * *

Timazi aliuvunja mteremko wa kwanza kwa mkono wake. Hakumpa mtu nyundo. Vibarua walisimama kando wakaangalia, maana wengi wao walikuwa hawajawahi kuona fundi anavunja kazi yake ambayo haina ufa. Pigo la kwanza niru ilikatika vipande vikubwa vinavyong'aa.

"Leo bosi hapa ni nani?" mmoja aliuliza nyuma ya wenzake, kwa sauti ya kusikika. "Maana tunaona amri zinatoka nyumbani."

Timazi alipumzisha nyundo begani. "Bosi ni mteja. Wewe ukishonewa shati linalokukaba, utamsifu fundi kwa sababu mishono imenyooka?"

"Sitamsifu."

"Basi zoa kifusi."

Kifusi cha ule wa kwanza ndicho kilichojaza tumbo la wa pili. Walipima usawa kwa mpira wa maji, Timazi upande mmoja na Winchi upande mwingine, na kila mita mbili Timazi alirudi kuhakiki kama haamini maji. Mama Pindo alikuja kila alasiri na kiti chake. Alizuia mambo mawili. Pa kupumzikia palikuwa pamewekewa mteremko kidogo ili maji ya mvua yatoke, akasema hapo kiti kitaondoka chenyewe na mtu ndani, wakapunguza. La pili lilikuwa gumu zaidi. Zege lilipoanza kushika, Timazi alichukua mwiko wake wa niru kwa mazoea tu.

"Fundi," mkewe alisema.

"Nalainisha kidogo tu juu."

"Fundi!"

Aliurudisha mwiko kwenye ndoo. Akachukua ufagio mgumu, akauburuta juu ya zege bichi kutoka upande hadi upande, mistari midogo midogo, mpaka juu pote pakawa kama mgongo wa mkeka. Ilimuuma. Kwa macho ya fundi ilikuwa kama kutoka nyumbani na shati lisilopigwa pasi. Siku tano zilizobaki alikuwa analimwagilia zege lile asubuhi na jioni, na kila akimwaga maji aliangalia kama kuna mafundi wenzake wanapita.

* * *

Jumamosi mgeni rasmi alichelewa kwa saa mbili, kisha akafika, akakata utepe, akasema maneno, watu wakaingia. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kutumia mteremko mpya, bila kujua kwamba ameutumia. Alikuwa anamfuata jirani yake, wanasengenya kofia ya mgeni rasmi, na alipofika juu ndipo alipotafuta ngazi za kupanda huku ameshika ukuta. Aligeuka kuangalia alikopita. "Kumbe!" alisema, akashuka tena ili apande kwa makusudi.

Majina yakaanza kuitwa. Fundi viatu, fundi saa, fundi redio. La kumi na saba lilipotajwa, watu tisa wa orodha ya kusubiri, ambao wote walikuwa wamekuja, walitazama mlangoni.

Mama Pindo alikuwa bado chini. Alivaa glovu, akaweka mikono kwenye magurudumu, akaanza. Winchi alikuwa amesimama mwanzo wa mteremko, amevaa shati safi. Alijikaza, akashindwa.

"Shemeji, nikusaidie?"

"Hapana, asante. Umeuliza vizuri."

Timazi alikuwa juu, kando ya mlango. Alikuwa ameifungia mikono yake makwapani kwa sababu haikutulia mahali pengine popote. Aliona kiti kinakuja kwa mwendo mmoja, hakiendi mbio, hakisimami. Katikati mkewe alipumzika. Watu ndani walianza kugeuka, msimamizi akaliita lile jina mara ya pili, na mtu mmoja wa orodha ya kusubiri akasema, "Huyo hayupo, tuendelee."

"Nipo njiani," Mama Pindo alijibu kutoka nje, bila kupaza sauti sana.

Ukumbi ulimngoja. Ilichukua muda. Ulisikika tu mlio mdogo wa magurudumu juu ya mistari ya ufagio, kisha kivuli cha kiti kikaingia mlangoni, halafu mtu mwenyewe. Alipita mbele ya mumewe bila kumtazama, akaenda mpaka mezani, akavua glovu ya kulia, akanyoosha mkono. Msimamizi akaweka ufunguo kwenye kiganja.

"Umechelewa kidogo," msimamizi alisema, kwa kuwa ilibidi aseme kitu.

"Mita tisa na nusu, mkubwa. Kesho nitazoea."

Saa nane mchana mota ilikuwa imefungwa kwenye cherehani, pedali iko juu ya meza, kiwiko kimekaa mahali pake, na mikono yote miwili ya Mama Pindo ilikuwa inaizungusha kola ya shati chini ya sindano. Alishona la kwanza, akashona la pili. Mama mkwe alikuwa amesinzia kwenye benchi. Baada ya shati la tatu, Mama Pindo alisukuma kiti kwenda nyuma ya ukumbi, kwenye mlango wenye picha ya mwanamke.

Magurudumu yaligonga fremu, la kushoto na la kulia, kwa wakati mmoja. Alirudi nyuma, akajaribu kwa pembe. Yakagonga tena. Msichana aliyekuwa ananawa mikono humo ndani alimtazama, akatazama mlango, akaona haya kwa niaba ya mlango.

"Fundi," Mama Pindo aliita.

Timazi alikuja. Hakuhitaji kuelezwa. Alitazama kiti, akatazama fremu, akapima kilichopungua: kiganja na vidole viwili. Kisha akauacha mlango, akaenda kwenye ukuta wa pembeni, akaugonga kwa kifundo cha kidole mara tatu, hapa, pale na kule, sikio lake limelala juu ya rangi mpya.

Kwenye mlango wa mbele, msimamizi alikuwa anamsindikiza mtu wa mwisho wa msafara wa mgeni rasmi. Aligeuka, akaona sikio la mwashi kwenye ukuta wake, akaanza kuja upande ule kwa hatua za haraka, faili liko kifuani.

"Ukuta huu haubebi kitu," Timazi alisema. "Unaweza kuvunjwa."

"Una hakika?" mkewe aliuliza.

"Nina hakika."

Mama Pindo alikigeuza kiti kuelekea ukumbini, akafunga breki zote mbili, akamngoja msimamizi.